Yah: Reale ya mzinga ya 1795 mliyoniuzia si ya madini ya fedha

Mkunazini, Zanzibar
12 Mei 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Duka la Sarafu za Kale,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja, salaam.

Rejea oda yangu ya tarehe 3 Aprili 2025 na mazungumzo yetu ya simu ya tarehe 29. Nimeamua kuandika kwa sababu kijana aliyepokea simu alitaka nikubali jambo nisiloweza kulikubali: kwamba sarafu yangu imepungua uzito kwa uzee.

Niliwalipa shilingi 420,000 kwa sarafu moja ya fedha ya Meksiko, ya thamani ya reali nane, ya mwaka 1795, yenye sura ya mfalme Carlos wa Nne wa Hispania upande mmoja, na upande wa pili ngao iliyosimama kati ya nguzo mbili. Nakusanya fedha za Meksiko tangu 2011, na hii ndiyo niliyokuwa nikiitafuta muda wote huo. Wazee wetu wa Pwani waliiita reale ya mzinga, maana nguzo zile waliziona kama mizinga miwili. Ilipokewa madukani pamoja na reale ya Sham, ile ya Austria yenye sura ya Maria Theresa, na hata neno reale lenyewe asili yake ni hizo reali za Kihispania. Kwa hiyo msinichukulie kama mtu aliyenunua pambo la kabatini. Nilikuwa natafuta sarafu ambayo jina lake nimelisikia nyumbani tangu utotoni.

Kifurushi kilifika kwa boti, nikakichukua bandarini Malindi tarehe 11 Aprili. Nilikifungulia nyumbani, juu ya kitambaa, kama ninavyofanya siku zote. Sarafu ilipoangukia kiganjani tu nikajua. Ninayo peso 25 ya Meksiko ya 1968, ile ya Olimpiki yenye mcheza mpira wa kale, na uzito wake ni gramu 22.5. Niliiweka mkono wa kushoto, yenu mkono wa kulia, nikafumba macho. Nilishindwa kuzitofautisha. Reali nane inatakiwa ikaribie gramu 27, na mkono uliozoea hauhitaji mizani kuhisi pengo la zaidi ya gramu nne.

Hata hivyo mizani nilikwenda kuitafuta. Sonara mmoja wa Darajani aliipima mbele yangu: gramu 22.6. Kisha tukaifunga kwa uzi wa kushonea, tukaining'iniza ndani ya glasi ya maji iliyokuwa juu ya mizani, bila kuigusisha chini. Mizani ikapanda kwa gramu 2.6, ambao ndio uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Ukigawa 22.6 kwa 2.6 unapata 8.7, yaani sarafu ni nzito mara 8.7 kuliko maji ya ujazo wake, na hiyo ni hesabu ya shaba na michanganyiko yake. Fedha ya reali za wakati ule, karibu sehemu 896 kwa kila 1,000, inapita 10. Sonara hakusema kitu. Alinirudishia sarafu na kukataa kupokea malipo ya kazi yake.

Kijana wenu alisema sarafu za zamani hulika. Ni kweli hulika, na ninazo zilizolika mpaka mfalme hana pua. Lakini sarafu ikiliwa na mikono ya watu, huanza kuondoka nywele za mfalme, mikunjo ya vazi lake na vichwa vya herufi, na uzito hupungua kidogo kidogo pamoja navyo. Hii yenu nywele zote zipo, zinahesabika. Gramu nne na nusu zimelika kutoka wapi?

Kuna kosa jingine ambalo halihitaji mizani wala maji. Kwenye maandishi ya upande wa nguzo, karibu na alama ya kiwanda cha Jiji la Meksiko na thamani 8R, huwekwa herufi za wapimaji wa fedha wa kiwanda. Mwaka 1795 herufi hizo zilikuwa F.M. Picha mliyoitangazia sarafu hii inaonyesha F.M., na cheti mlichonitumia kimeandika F.M. Sarafu iliyo mbele yangu imeandikwa T.H. Hizo zilianza kutumika mwaka 1803. Aliyeitengeneza alichanganya tarehe ya sarafu moja na herufi za nyingine, na aliyeifunga kwenye bahasha hakuitazama.

Picha hiyohiyo inaonyesha muhuri mdogo wa mfanyabiashara wa Kichina kwenye shavu la mfalme. Reali nyingi za Meksiko zilivuka bahari kutoka Acapulco hadi Manila, zikaingia China, na huko kila aliyeikagua fedha na kuikubali aliweza kuigonga alama yake. Muhuri ule ndio ulionifanya nilipe bila kuomba punguzo. Kwenye sarafu niliyoletewa haupo. Nilipouliza, nikaambiwa picha ni ya mfano tu. Ndugu Meneja, sarafu ya kale haina picha ya mfano. Mnunuzi hanunui reali nane yoyote, ananunua hiyo anayoiona, yenye mkwaruzo huo na muhuri huo.

Tazameni pia ukingo wake, kama bado mnataka ushahidi. Ukingo wa reali hizi una mduara, pembenne, mduara, pembenne, na kwa sababu ulichorwa kwa vyuma viwili, pana sehemu mbili zinazotazamana ambapo michoro hupandana. Nimeuzungusha wa kwenu chini ya kioo cha kukuzia mara tatu. Hakuna michoro kupandana popote. Kuna mstari mwembamba katikati, umesuguliwa kwa tupa, palipokutana pande mbili za kalibu.

Yananiuma haya kwa sababu nimewahi kununua kwenu kitu cha kweli. Mwaka 2022 mliniuzia peso ya 1910, Caballito, yule mwanamke juu ya farasi aliyeinua mwenge. Ni sahihi kwa uzito, kwa ukingo na kwa kila alama, na niliwaelekeza kwenu wenzangu wawili kwa ajili yake. Sasa nimelazimika kuwapigia wote wawili niwaambie wapime walivyonunua.

Ninachoomba ni hiki. Nirudishieni shilingi 420,000 pamoja na 15,000 za usafirishaji. Ondoeni kwenye mauzo sarafu nyingine za reali nane zilizotangazwa kwa picha ileile. Jana usiku zilikuwa nne. Na waliokwishanunua kwa picha hiyo muwatafute nyinyi, kwani kumbukumbu za mauzo mnazo.

Mmenitaka nirudishe sarafu kwanza ndipo mfikirie malipo. Kuirudisha sikatai, lakini sitairudisha ikiwa katika hali ya kuuzika tena. Mkishanilipa, nipeni ruhusa ya maandishi, sonara aigonge neno BANDIA juu ya ngao, mbele yangu, kisha nitaituma kwa boti ya siku hiyohiyo kwa gharama yangu. Kama hamtaki igongwe, nielezeni kwa maandishi mnaitakia nini.

Nasubiri jibu hadi tarehe 26 Mei. Baada ya hapo nitaipeleka pamoja na barua hii kwenye Tume ya Ushindani. Nimeambatisha risiti, nakala ya cheti, picha ya tangazo lenu, na picha sita za sarafu: mbili za nyuso zake, tatu za ukingo, na moja ikiwa juu ya mizani.

Wenu,
Mteja wenu wa tangu 2019