Harambee ya vitabu vya hadithi kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, Kaptembwo, Nakuru

Wazazi wenzetu, majirani, na nyinyi mliokulia hapa Kaptembwo kabla ya kuhamia Nairobi, Eldoret au ng'ambo, hamjambo.

Tunawaandikia kwa niaba ya wazazi wa madarasa ya chini katika shule yetu ya umma. Safari hii hatuombi pesa za geti wala za basi. Tunachangisha Sh165,000 tununue vitabu vya hadithi.

Tangu mpango wa Tusome, ule wa serikali wa kufundisha watoto kusoma, uanze mwaka wa 2015, watoto wa madarasa ya kwanza wamepata vitabu vya kiada vya Kiswahili na Kiingereza. Tunashukuru, maana wengi wetu tulisoma tukiwa watano kwenye kitabu kimoja. Lakini kitabu cha kiada huisha. Kufikia katikati ya mwaka mtoto amekikariri. Mfungulie ukurasa wowote, atakusomea huku anatazama dirishani. Mpe sasa kisa kifupi cha sungura na fisi ambacho hajawahi kukiona, uone anavyorudi kwenye ba, be, bi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo akishazijua silabi ameshapata njia (ng'ombe na mbwa humsumbua kidogo, lakini nao huzoeleka). Kinachobaki ni kusoma sana, tena vitu vingi na vya kuchekesha, mpaka macho yaache kuhangaika na herufi yaanze kufuata kisa. Wingi huo ndio hatuna.

Maktaba ya umma ipo mjini, ila mtoto wa miaka saba hapandi matatu peke yake.

Tumekubaliana na walimu kwamba kila darasa, na yako sita, lipate sanduku la bati lenye vitabu 60. Kitabu kimoja kidogo tunakipata kwa Sh300 hivi, pamoja na ile kodi ya VAT ya asilimia 16 ambayo hatujui tutamwelezaje mtoto. Vitabu 360 ni Sh108,000, na masanduku kwa fundi wa jua kali ni Sh21,000. Sh36,000 zinazobaki ni za kununua vingine muhula ujao, hivi vikipotea au kuraruka.

Naam, vitapotea. Kuna waliotaka vifungiwe kabatini ofisini, na tulibishana jioni nzima. Kabati za namna hiyo tumeziona: vitabu vinakaa vipya miaka nenda miaka rudi kwa sababu hakuna anayevigusa. Hivi vyetu vitaenda nyumbani Ijumaa na kurudi Jumatatu, vikiwa na madoa ya uji na mafuta. Mtoto atamsomea nyanya yake, au mdogo wake, au mama anapokaanga sukumawiki. Mzazi ambaye hakusoma asione haya. Kazi yako ni kusikiliza na kuuliza, "Halafu ikawaje?" Vingi vitakuwa vya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayowakutanisha watoto plotini, awe Mkikuyu, Mluo, Mluhya au Mkalenjin.

Mchango ni wa hiari. Karo iliondolewa katika shule za msingi za umma mwaka wa 2003, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Mwenye Sh300 amenunua kitabu, mwenye Sh3,500 amenunua sanduku, na mwenye Sh50 asikae nyumbani. Kadi za mchango ziko kwa wawakilishi wa madarasa. Risiti zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na ofisi ya mwalimu mkuu.

Tukutane uwanjani Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, saa nne asubuhi. Mnada wa kuku na ndizi utakuwepo kama kawaida. Mwenye vitabu nyumbani avilete pia, mradi viwe vya hadithi. Vile vya marudio ya mitihani tafadhali viacheni hukohuko.