Shule ipimwe kwa njia ya mtoto, si kwa duara

Ndugu Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu msongamano katika shule za msingi za Jiji la Tanga, swali huwa ni madarasa mangapi yaongezwe. Kuna swali linalopaswa kutangulia: watoto hao wanatoka wapi? Shule haiishii kwenye ua wake. Inafika hadi mlango wa nyumba ya mwisho inayoleta mtoto, na eneo hilo linapimika kwa simu za kawaida na programu zisizolipiwa. Naomba nafasi nieleze namna ya kulipima, kwa sababu kazi hii ikifanywa ovyo hutoa ramani nzuri inayodanganya.

Kosa kubwa kuliko yote ni duara. Mtu huweka nukta ya shule kwenye kompyuta, akachora duara la kilomita mbili, akahesabu kaya zilizomo, kazi imekwisha. Ngamiani duara halipotoshi sana, kwa kuwa barabara zake zimenyooka na kukatana vizuri. Hata hivyo, anayekwenda pembe kwa pembe hutembea hadi mara 1.4 ya mstari ulionyooka. Kandokando ya ghuba mambo ni mengine kabisa. Kutoka mjini, Chongoleani unaiona ng'ambo ya maji, lakini kwa nchi kavu lazima uzunguke Amboni na Mabokweni. Duara halijui maji, halijui mikoko, wala halijui kwamba Mto Zigi unavukwa penye daraja tu.

Kipimo cha haki ni njia ya miguu. Mtoto wa darasa la kwanza tumkadirie kilomita 3 kwa saa. Nusu saa ni kilomita 1.5. Chukua barabara na vichochoro kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, uviingize kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, kisha tumia zana yake ya kuchambua mtandao wa njia kuanzia langoni mwa shule. Nasema langoni, si katikati ya paa: eneo la shule likiwa na urefu wa mita 200 na lango moja tu, mtoto wa upande wa nyuma analizunguka lote. Malango yakiwa mawili, yaandikwe yote. Simama wazi, mbali na miti na ukuta, subiri simu ioneshe kosa lisilozidi mita 5, ndipo uhifadhi.

Hapa makosa ni mengi, na karibu yote yanazuilika. Tanga iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo huandikwa na alama ya kutoa: -5.07, na longitudo 39.10. Alama ikisahaulika, shule inahamia kusini mwa Ethiopia. Namba zikibadilishana nafasi, inaangukia Hispania. Hayo huonekana mara moja. Hatari ni makosa madogo. Nyuzi 5 na dakika 4 si 5.04, ni 5.067, na tofauti hiyo ni karibu kilomita 3. Namba zenye tarakimu mbili tu baada ya nukta zinakosea kwa mamia ya mita. Ziandikwe tano, ambazo zinafika mita moja hivi. Halafu kuna ramani za zamani za karatasi, zilizopimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani wa Afrika Mashariki. Namba zake zikisomwa kama za GPS ya leo, nukta inasogea takriban mita 300, na mita 300 zinatosha kuivusha shule mto.

Kwenye mtandao wa njia, kichochoro kilichochorwa bila kugusa barabara, hata kwa pengo la mita moja, kompyuta inakiona kimefungwa. Vipimo pia viwe vya mita, kwa mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 Kusini, la sivyo programu itazichukua zile mita 1,500 za nusu saa kuwa nyuzi. Na hesabu ifanywe mara mbili, ya kiangazi na ya masika, njia zinazojaa maji zikifutwa katika ile ya pili. Mwenyekiti wa mtaa na watoto wenyewe wanazijua njia hizo kuliko setilaiti yoyote.

Sasa nyumba za wanafunzi. Data za minara ya simu hazitusaidii: mnara mmoja huhudumia eneo pana, laini husajiliwa kwa watu wazima, na mtoto wa msingi hana simu. Tutawaona wazazi na wauza vitafunwa, si wanafunzi. Bora tutumie kile kibao cha anwani za makazi kilichobandikwa mwaka 2022. Mwalimu wa darasa aandike jina la mtaa na namba ya nyumba. Pasipo na kibao, aandike shina la balozi. Na swali liwe "mtoto amelala wapi jana?", si "mzazi anaishi wapi?", maana wengi wanalelewa na bibi au shangazi, na wapo wazazi wanaotaja mtaa wa jirani ili wapate nafasi. Wengine huipita shule ya karibu kwa sababu mama anafanya biashara Mgandini na asubuhi wanatoka pamoja. Mtoto huyo si kosa la takwimu, asifutwe.

Majina, narudia, yasiingie kwenye ramani. Orodha yenye jina la mtoto, nyumba yake na njia anayopita alfajiri ni silaha mikononi mwa mtu mbaya, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wahesabiwe kwa miraba ya mita 250, na mraba wenye watoto chini ya watano uunganishwe na wa jirani kabla ramani haijatoka ofisini.

Ukishapata hesabu hiyo, iweke kando ya uwezo wa shule: vyumba 14 kwa watoto 45 ni nafasi 630. Wakizidi, ramani inaonesha kama wanaozidi wanatoka upande mmoja, ambako shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama, ingewafaa, au wametapakaa kote, na hapo ni vyumba kweli.

Uandikishaji wa darasa la kwanza huanza Oktoba. Daftari likiongezwa safu mbili kabla ya hapo, ya namba ya nyumba na ya mahali mtoto analala, maofisa elimu kata watakuwa na data hizo mikononi Januari bila kumtuma mtu nyumba kwa nyumba.

Wako,
Mpima ramani,
Chumbageni, Tanga