Dodoma sio viwanja tu jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo linalonikera muda sasa. Kila nikishika simu nakutana na tangazo la Dodoma na kila tangazo ni kiwanja. Kiwanja Ihumwa, kiwanja Msalato jirani na uwanja mpya wa ndege, kiwanja Mtumba "dakika tano Mji wa Serikali", kimepimwa, umeme nguzo mbili tu, lipa kidogo kidogo. Sijawahi kuona hata moja linalosema njoo Dodoma kuna kazi hii na hii, au njoo ufungue kiwanda maana malighafi hii hapa. Mtu ananunua, anapanda mawe yake manne ya mpaka, anarudi alikotoka, kiwanja kinaota majani miaka na miaka.

Mimi ni fundi alumini, nilihama Dar 2019 kufuata madirisha ya hizo nyumba mpya na sina cha kumlaumu mtu, hela nimeiona. Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu 410,956, ya 2022 tukafika 765,179, sasa hao wote wanalala ndani ya nyumba zenye madirisha. Ila nilichojifunza ni kwamba mji huu una msimu kama shamba. Bunge la bajeti likianza Aprili guest zinajaa, bajaji hazikai, wauza nyama choma hawalali, alafu Julai ikifika unamkuta dada wa saluni kakaa nje kwenye benchi anachezea simu.

Na kuna hii ya Ijumaa. Treni ya SGR imetusaidia sana tangu 2024, sio siri, zamani kwenda Dar kufuata profaili na vioo ilikuwa unaaga kabisa siku nzima basini, sasa masaa matatu na nusu hivi ushafika (mzigo wenyewe bado naupandisha fuso lakini mimi nakaa kwenye kiti nasinzia). Lakini treni hiyohiyo Ijumaa jioni inaondoka na mishahara. Mtumishi kapanga chumba na sebule Area C, familia iko Dar, ada, shopping na gari vyote vinaliwa huko. Tunamsema eti haupendi mji, mbona hatuulizi mke wake akija hapa atafanya kazi gani? Yule mama ana duka lake Sinza, au ni mhasibu kwenye kampuni ambayo huku haina hata ofisi, aache aje kuangalia vumbi? Serikali iliamua kuhamia hapa 1973 na watumishi wamekuja kweli siku hizi, ila kazi za wenza wao hazijahama.

Wakati huo zabibu tunazo, tena mti mmoja unavunwa mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho wengi wanaotangaza mji hata hawakijui. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana kituo Makutupora hapohapo. Mkulima wa Mpunguzi au Hombolo mnunuzi akichelewa siku chache mzigo unamlainikia mkononi, kwa hiyo anauza kwa bei yoyote, au anakamua mchuzi wa zabibu na hana pa kuuhifadhi. Mtu wa kutengeneza juisi na zabibu kavu ndo wa kumbembeleza huyo, sio mnunuzi wa kiwanja cha nane! Alizeti na karanga sijazitaja.

Cha kumwambia huyo mwenye kiwanda kipo kingi. Barabara ya Dar kwenda Mwanza mpaka Rwanda na Burundi inakutana hapa na ile ya Iringa kwenda Arusha. Enzi za CDA, ile mamlaka ya kuustawisha mji, ulikuwa unapewa ardhi miaka 33, tangu ivunjwe 2017 hati ni miaka 99, unaipeleka benki wanakusikiliza. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanamaliza kila mwaka na wengi wanapanda gari kurudi Dar kwa kukosa pa kujishikiza.

Ila na maji yasemwe. Visima vya Mzakwe vilikuwa vya mji mdogo, sasa hivi mtaani kwetu maji ni ya mgao, tunaamka usiku kujaza madumu. Mwenye kiwanda cha juisi swali lake la kwanza ni hilo, ukimficha atajua mwenyewe siku atakayofungua bomba, na hatorudi wala rafiki zake hawatakuja.

Ombi langu kwa jiji ni dogo, pale stendi kuu ya Nanenane na stesheni ya SGR wawekewe wageni bango la kazi zilizopo na fundi gani anahitajika wapi. Mimi mwenyewe natafuta vijana wawili wanaojua kukata vioo, miezi miwili sasa sijapata.

Fundi Alumini,
Nzuguni, Dodoma.