Viazi vya bure kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu usemi ninaousikia hapa Mbeya kuanzia kwenye daladala hadi misibani: eti mjini kila kitu hela, kijijini unakula bure. Mimi naishi Uyole. Mama yangu yuko Isongole, wilayani Rungwe, analima viazi. Kote kuwili napajua.

Mjini nalipa, sikatai. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, maji yakikatika nanunua kwa dumu, mkaa kwa kopo. Hata mchicha, ambao kwetu unajiotea nyuma ya choo, nautolea hela.

Lakini nendeni Isongole mwezi wa tatu. Mvua ya Rungwe haina adabu. Njia ya shambani inakuwa utelezi mtupu, bodaboda hawashuki, mama analipa vibarua wabebe viazi kichwani hadi kwenye lami. Pale anamkuta mnunuzi na gunia lake. Gunia gani, Mhariri! Ni lumbesa: likishajaa mpaka mdomoni linaongezewa kilemba, linashonwa kwa kamba, na kijana anapanda juu kushindilia kwa magoti. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, ila mzani wa kuthibitisha haupo. Mama naye hawezi kuvirudisha viazi mlimani, basi anapokea bei ya gunia moja.

Jioni nanunua viazi vya aina hiyohiyo gengeni kwa sado, na sado yenyewe imebonyezwa kitako. Kule kipimo kimevimba, huku kimenywea. Chakula cha bure ninachokijua mimi ni hicho kilemba, na anayekila si mama.

Sukari, sabuni na mbolea nazo kijijini zinapanda bei kwa nauli ya kuzifikisha. Hilo halisemwi misibani.

Wala sisemi mama ahamie mjini. Alikuja mwaka jana, akalala siku nne, akasema hata kuku wa huku hawana pa kutembea, akadai nauli yake.

Ombi langu kwa wahusika ni mzani pale barabarani, kabla ya mavuno yajayo. Mmoja tu. Kama wanahofia wezi, mama ameshasema utalala chumbani kwake.

Mtoto wa mkulima,
Uyole, Mbeya