Mjomba, mkutano nimeupata

Shikamoo mjomba,

Jina lako silitaji hapa. Naandika hadharani kwa sababu kila nikitaka kulisema hili ana kwa ana unaniuliza habari za kazi, na kwa sababu najua ziko nyumba nyingi Mombasa zenye mjomba kama wewe: mchapakazi, anayeheshimika, na pombe inammaliza huku jamaa wote wakijifanya hawaoni.

Mnazi siulaumu. Kwetu posa haikamiliki bila mnazi, matanga vilevile, na wewe uliushika mrija ukiwa kijana, umeketi na wazee. Lakini siku hizi hata mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, huendi. Unanunua vile vichupa vidogo vya pombe kali na kunywa peke yako, tena asubuhi. Siku ya mahari ya binti yako nilikuletea chai. Ulikishika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ilimwagika kwenye kisahani, mkaza mjomba akaipangusa haraka kabla wageni hawajaona. Nilikuona ulivyoinamisha uso. Wiki hiyohiyo nikaanza kutafuta.

Nilipiga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya. Haikati salio hata shilingi. Nikaulizia mikutano ya Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambao wengi huuita AA. Iko ya wazi, ambayo hata jamaa wa mnywaji anaruhusiwa kuketi asikilize, na iko ya wenye tatizo peke yao. Nilikwenda wa wazi, nikachagua ulio mbali na mtaa wenu ili usije ukakutana na jirani njiani.

Ni chumba kwenye uwanja wa kanisa, viti vya plastiki vimepangwa duara, birika la chai mezani. Kanisa linatoa nafasi tu. Hatua zao kumi na mbili za kuacha pombe zinamtaja Mungu kama kila mtu anavyomwelewa, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza unasali wapi. Waliyoyasema watu siyarudii hata kwako, maana yanayosemwa mle hubaki mle. Utaratibu naweza kukueleza. Unataja jina lako la kwanza, basi. Hakuna daftari la kujiandikisha wala ada. Kikapu hupitishwa, mwenye kitu hutia, asiye nacho hukipisha. Mmoja akizungumza wengine hunyamaza mpaka amalize, wala hakuna anayemkata kauli au kumpa mawaidha. Ukitaka kusikiliza tu, unasema leo nasikiliza, na zamu inasonga. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: utake kuacha pombe. Hawangoji uwe umeshaacha.

Na walioanzisha jambo hili walikuwa walevi wenyewe. Mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika. Yuko hotelini peke yake, baa iko palepale, na ana miezi michache tu tangu aache. Akaenda kwenye simu, akapigia makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyofikishwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji. Daktari alikubali kumpa dakika kumi na tano. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Bob aliirudia pombe mara moja baada ya hapo. Pombe yake ya mwisho ilikuwa bia aliyopewa asubuhi ili mikono itulie aende kumpasua mgonjwa. Siku hiyo, Juni 10, 1935, ndiyo AA wanayoihesabu kuwa mwanzo wao. Hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1950. Mjomba, ni mikono ileile ya kutetemeka niliyoiona kwako.

Sasa nisikilize hapa kuliko kwingine kote: usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukinyimwa kwa mara moja, unaweza kuingia kwenye kutetemeka, jasho, kuona vitu visivyokuwapo, hata degedege, na watu hufa kwa hilo. Mara nyingi degedege huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kwa hiyo tunaanza kwa daktari. Mwambie kweli unakunywa kiasi gani, usipunguze kwa aibu. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo, na vitamini B1 ambayo pombe huimaliza mwilini. Mkutano hauwezi kuifanya kazi hiyo, na daktari naye hawezi kuketi nawe jioni ukiwa na kiu.

Kikundi cha kwanza kisipokupendeza, tutajaribu kingine, havifanani. Mkaza mjomba nimemwambia kuhusu Al-Anon, vikundi vya familia za wanywaji, ambavyo Lois, mke wa Bill, alishiriki kuvianzisha mwaka 1951. Amekubali kuhudhuria kwa simu, uende au usiende wewe. Naye amechoka, mjomba, na anakupenda.

Jumatatu sina kazi. Nitakuja asubuhi twende hospitali, na daktari akisharidhika nitakupeleka mkutanoni. Ukitaka niingie nawe nitaingia, ukitaka nikungoje nje nitangoja. Nijibu hata kwa neno moja kwenye simu.