Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Majina ya Igandu yaandikwe Stesheni

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kutoka Gongo la Mboto, ambako treni ya kwenda bara hupita ikipiga honi na watoto huacha mpira wao wakaipungia mikono. Ninalo ombi moja: majina ya waliofariki katika ajali ya treni ya Igandu yaandikwe ukutani pale Stesheni, kituo cha reli cha katikati ya jiji.

Aliyezaliwa baada ya mwaka 2002 huenda hajui nasema nini. Alfajiri ya tarehe 24 Juni mwaka huo, treni ya abiria iliyotoka hapa Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,200 ilikuwa imeshapita Msagali, mkoani Dodoma, kwenye mlima wa Igandu. Breki zikakataa. Treni ikaanza kurudi kinyumenyume, mabehewa yakitangulia mbele ya injini, ikashika kasi mteremkoni hadi ikagongana na treni ya mizigo kwenye reli hiyohiyo. Watu 281 walipoteza maisha. Wengine walizikwa bila kutambuliwa.

Mama yangu mdogo alikuwa daraja la tatu. Alikuwa anakwenda kumlea binti yake aliyejifungua Dodoma. Tulimsindikiza wenyewe hadi Stesheni, na kaka ndiye aliyempitishia kiroba cha nazi dirishani kwa sababu mlangoni hapakuwa na pa kukanyaga. Alituambia tuwahi kurudi, giza lisitukute njiani. Kesho yake habari tuliisikia kwa redio ya jirani. Baba alifunga safari kumtafuta, akakaa siku nne, akarudi na upande mmoja wa kanga. Mwili hakuupata.

Nilipopanda treni ya umeme kwenda Dodoma kwa mara ya kwanza, nilisimama tulipofika Igandu. Nilishindwa kukaa. Abiria wenzangu walikuwa kwenye simu zao, mtoto mmoja anakula korosho, na siwezi kuwalaumu hata kidogo, maana hakuna aliyewaambia. Treni ile naipenda, Mheshimiwa. Najivunia kwamba safari iliyokuwa ikila usiku kucha sasa ni ya saa chache. Ila jina la Igandu limebaki kuwa jina la kituo tu, na hilo linaniumiza.

Wenzetu wa Mwanza wana makaburi ya Igoma. Tarehe 21 Mei ikifika, waliopotelewa na ndugu ilipozama meli ya MV Bukoba mwaka 1996 wana mahali pa kwenda kusoma dua na kung'oa majani. Sisi wa Dar es Salaam tuna nini? Nimepita Stesheni mara nyingi, sijaona jina hata moja. Na ukishika barabara ya Sokoine kwa miguu, hufiki mbali unakuta geti la boti za Zanzibar. Hapo bandarini ndipo ilipong'oa nanga meli ya MV Skagit tarehe 18 Julai 2012, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Waliofia humo nao wanastahili kukumbukwa, na anayewajua kwa majina atawaandikia vizuri kuliko mimi.

Huenda wasaidizi wako watasema ajali ilitokea Dodoma, basi kumbukumbu ijengwe huko. Ijengwe na huko. Lakini Stesheni ndipo wengi walipokata tiketi, na ndipo sisi tulipowaona kwa mara ya mwisho. Shirika la reli likusanye orodha, familia ziitwe kuihakiki kabla haijachongwa, na waliozikwa bila kutambuliwa waachiwe mstari wao.

Nakuomba lisicheleweshwe. Mama yangu sasa anatembea kwa mkongojo na safari ya Dodoma haiwezi tena. Stesheni anafika kwa daladala. Ile kanga ya mdogo wake bado anayo, ameikunja chini ya mto, na ameniambia siku jina likiandikwa atakwenda nayo.

Wako mwananchi,
Mkazi wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam