Kabla Hujatia Sahihi Huko Dallas

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ile hati ndefu ya maelezo ya kampuni uliyonitumia nimeisoma yote. Umeuliza kama tuuze kipande cha shamba la michungwa la Muheza upate mtaji wa kuingia kwenye franchaizi, yaani kulipia kufanya kazi kwa jina la kampuni, ya kununua nyumba chakavu, kuzitengeneza na kuziuza. Kwa sasa sikubali, na sababu zangu ni hizi. Kazi yangu ya benki ilikuwa kupitia maombi ya mikopo, kwa hiyo nivumilie nikianza na hesabu.

Hununui nyumba hata moja kwa fedha hiyo. Unanunua jina, mafunzo, na haki ya kutangaza katika eneo ulilopangiwa. Ada ya matangazo utalipa kila mwezi, upate nyumba usipate, na kila nyumba utakayonunua utaikatia kampuni mrabaha, yaani fungu lake. Mtaji wa kuinunua hiyo nyumba utautafuta mwenyewe, na wakopeshaji wa biashara hii riba yao ni kali.

Sasa faida inatoka wapi? Chukua nyumba ambayo ikishatengenezwa itauzwa dola 200,000. Kanuni ya wanunuzi hawa ni kuchukua asilimia 70, yaani 140,000, kisha kutoa gharama za matengenezo, tuseme 40,000. Mwenye nyumba hapati zaidi ya 100,000. Riba, madalali, kodi, mrabaha na faida yako vyote vinatoka kwenye zile 60,000 zilizobaki. Paa likivuja kuliko ulivyokadiria, au nyumba ikikaa miezi bila mnunuzi, faida yako ndiyo inayoliwa kwanza, maana wengine wote wana mkataba.

Sheria ya huko Marekani imekupa silaha, itumie. FTC, tume ya serikali kuu inayosimamia biashara, inawalazimisha wakupe hati hiyo angalau siku 14 kabla hujatia sahihi wala kulipa chochote. Lakini serikali haithibitishi kilichoandikwa ndani, usidhani imekaguliwa. Soma kifungu cha 19, kinachohusu mapato. Kampuni hailazimiki kutaja mapato, ila ikiyataja, lazima yawe humo na yawe na msingi. Yule kijana wa mauzo aliyekutajia kwa simu faida ya mwaka wa kwanza, mwulize iko ukurasa gani. Mimi sikuiona.

Kisha nenda kifungu cha 20. Kina majina ya walio ndani na ya waliojitoa mwaka uliopita, na namna ya kuwapata. Wapigie waliojitoa, mwanangu. Hao wa kwenye video za kampuni wamechaguliwa. Waulize waliweka fedha kiasi gani hadi nyumba ya kwanza kuuzwa, kwa nini waliondoka, na kama mkataba unawaruhusu kuendelea na kazi hiyo bila jina la kampuni.

Linaloninyima usingizi zaidi ni jingine. Anayekubali 100,000 mara nyingi ni mjane, mgonjwa, au mtu aliyelemewa na madeni. Mwaka 2023 ProPublica, waandishi wa habari za uchunguzi, walichapisha uchunguzi kuhusu HomeVestors, kampuni ya hapo hapo Dallas iliyoanza 1996, wakaonyesha jinsi baadhi ya wenye franchaizi walivyowabana wazee wauze kwa bei ya chini. Kampuni yako ni nyingine, najua, lakini njia ya faida ni ile ile. Texas inamruhusu mwenye nyumba aliyefikisha miaka 65 kuahirisha kodi ya majengo kwa nyumba anayoishi. Deni linaongezeka riba, lakini hatolewi kwa sababu ya kodi hiyo maadamu anaishi humo. Utakapokaa sebuleni kwa bibi wa miaka 78 anayeuza kwa kuogopa kodi, utamwambia? Ukimwambia, huenda ukakosa nyumba, na ada ya mwezi inakusubiri. Nataka jibu lako kabla ya fedha, kwa sababu ukishaingia deni, deni litakujibia.

Wapo wanaouza kwa hiari na wakashukuru: warithi walio mbali, wenye nyumba zisizokopesheka benki. Kama hesabu inasimama kwa hao peke yao, shamba tutalizungumza, na nitamshirikisha baba yako mdogo kwa kuwa mpaka ni mmoja. Kama haisimami, baki na kazi yako ya hospitali, ununue nyumba moja pole pole kwa jina lako mwenyewe.

Ukishaongea na hao waliojitoa, nipigie ukiwa na hati mkononi. Mama yako anakusalimu, anauliza kama mtoto amepona kikohozi.

Baba yako,
Tanga